Chai ya Sufuria Mitaani Peckham



Mwingereza hutengeneza chai, sisi twaipika. Mwingereza huchemsha maji peke yake, akayamimina juu ya majani, akangoja kidogo, kisha akaongeza maziwa baridi yaliyotoka jokofuni. Mpishi wa kwetu hutia sufuriani maji, viungo, majani na maziwa, akaviacha vichemke pamoja hadi rangi igeuke na harufu ienee nyumba nzima. Wa kwanza humaliza kazi yake kwa dakika nne. Wa pili huhitaji robo saa, na kwa muda huo hathubutu kutoka jikoni, maana chai ya maziwa hungoja uipe kisogo ndipo ifurike. Kwa kuwa katika miezi ya karibuni tumepata familia kadhaa mpya katika eneo letu, mhariri ameniomba niwatembeze wageni hao hapa Peckham, nami nimeona njia iliyo nyepesi ni kuwatembeza kwa kufuata kikombe cha chai.

Tuanzie stesheni ya Peckham Rye, iliyofunguliwa mwaka 1865, kwa kuwa ndipo mgeni aghalabu anaposhukia. Ukitoka nje, umo katikati ya Rye Lane, barabara itokayo Peckham High Street upande wa kaskazini na kuishia penye uwanja wa majani wa Peckham Rye upande wa kusini. Hapo zamani ilisifika kwa maduka makubwa ya fahari, mojawapo likiwa Jones & Higgins, lililofungwa mwaka 1980. Fahari yake ya leo ni ya namna nyingine: ndizi za kupika, magimbi, viazi vikuu, muhogo, samaki wakavu, na pilipili mbuzi zinazomfanya mpita njia apige chafya. Kwa mpishi wa chai, barabara hii ni ghala. Tangawizi hupangwa kwa mabakuli ya plastiki mbele ya maduka na kwenye meza za soko la Choumert Road; chagua kipande kigumu chenye ngozi inayong'aa, kwani kilichonyauka hutoa nyuzi tu. Iliki zitafute kwa maduka ya Waasia, uchukue zile za kijani ambazo hazijapasuka, wala usinunue ya unga, kwa sababu harufu yake ilikwisha kabla haijafika Uingereza. Magome mazito yauzwayo kama mdalasini mara nyingi ni ya kasia, ndugu yake mdalasini, nayo ni makali zaidi kuliko mdalasini wa Unguja. Kijipande cha ukucha kinatosha. Karafuu ni moja kwa sufuria. Anayetia karafuu tatu anapika dawa ya jino.

Taabu ni mchaichai. Kwetu Tanga ulikuwa umeota nyuma ya kila choo na kila bomba la maji, na mtoto alitumwa kuukata kama anavyotumwa kuita kuku. Hapa huuzwa mashina yake tu, yamefungwa matatu matatu, hayana majani, ilhali majani ndiyo tuliyozoea kuyafunga fundo na kuyatosa sufuriani. Ukikwama, muulize mzee wa Kijamaika. Kwao mmea huo huitwa jani la homa, nao huuchemsha kama sisi, na pengine atakuonyesha aliouotesha katika kopo dirishani kwake.

Jambo la pili analolikuta mgeni ni maji. Maji ya London ni mazito; yametiririka katika miamba ya chokaa, nayo huacha utando mweupe ndani ya birika na utando mwingine wa rangi ya kahawia juu ya kikombe. Nimesikia akina mama wakilaumu sabuni, wengine wakilaumu majani. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanakemia wawili waliokuwa Imperial College hapa London, Michael Spiro na Deogratius Jaganyi, kuhusu utando huo. Jina la huyo wa pili lisiwapite hivi hivi: ni yule yule Profesa Jaganyi aliyekuja kuwa Makamu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Walionyesha kwamba chokaa iliyomo majini ndiyo inayosababisha utando, kwamba maziwa huuongeza, na kwamba tone la ndimu huuzuia. Kwa hiyo wale wa chai ya rangi yenye ndimu walikuwa wakinywa kwa hekima ya kikemia bila ya kujua. Sisi wa maziwa hatuna budi kununua jagi lenye kichujio, au tukubali tu kwamba kikombe cha London kina ukoko wake.

Sasa tuwatazame wanywaji. Wengi wamezoea kuiita Peckham Lagos ndogo, na ukipanda basi namba 12 au 36 saa za asubuhi utaona sababu. Jirani yako Mnigeria akikukaribisha "tea", usiwe na hakika ya kitakachokuja. Kwao neno hilo laweza kuwa chai ya kifuko yenye maziwa ya kopo, na laweza vilevile kuwa Milo au Bournvita; almuradi kinywaji ni cha moto na kina maziwa, ni "tea". Wajamaika nao wana tabia hiyo hiyo, hata supu nyepesi ya samaki huiita chai ya samaki. Kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba sisi kwa neno chai tunakusudia pia mandazi, mihogo na mbaazi, yaani kifungua kinywa chote, na ofisini tunakusudia jambo jingine ambalo sitalieleza mbele ya watoto. Wasomali wana shaah, yenye iliki, mdalasini, karafuu na sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Waafghani wenye maduka hunywa chai ya kijani yenye iliki, bila maziwa, kutwa nzima, wakimiminiana vikombe vidogo kati ya mteja na mteja. Na Mwingereza wa kazi za mikono hunywa chai ya wajenzi: kikombe kikubwa chenye mkono, kifuko kimoja kilichobanwa kwa kijiko hadi kitoe roho, maziwa na vijiko viwili vya sukari. Naiheshimu chai hiyo. Haijifichi.

Nisiyoiheshimu ni ile iliyoingia na migahawa mipya, penye viti visivyolingana na ubao ulioandikwa kwa chokaa. Huko huuzwa "chai latte", ambayo ni sharubati ya viungo iliyochanganywa na maziwa ya povu, na mahali pengine nimesoma "chai tea", yaani chai chai. Maneno yote mawili yalianzia Uchina. "Tea" lilichukuliwa na Waholanzi kwa njia ya bahari kutoka lahaja ya Fujian; "chai" lilipita nchi kavu hadi Uajemi na Bara Hindi, likatufikia sisi wa pwani kwa majahazi ya majirani zetu hao. Kwamba yamekutana tena ubaoni Rye Lane, moja likiwa mkia wa mwenziwe, ni mzaha wa historia.

Hata sisi wenyewe, tukikusanyika ukumbini mwisho wa mwezi, hatuna chai moja. Mtu wa Unguja huagiza mkandaa, chai isiyo na maziwa, nyekundu kama maji ya gome la mkoko lililoipa jina. Mtu wa bara wa Tanzania ataiita chai ya rangi. Mkenya wa magharibi ataiita strungi, naye huinywa pale tu maziwa yanapokosekana, kwa huzuni. Mkenya aliye na uwezo hutaka chai yenye maziwa mengi kuliko maji. Waganda wana "African tea", iliyopikwa kwa maziwa na tangawizi, nao huitofautisha na chai ya Kiingereza inayoletwa na buli na kijagi pembeni. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wamezoea maziwa ya unga, na waliopitia Maskati au Dubai hudai karak, nzito, ya maziwa ya kopo, iliyochemshwa na kuchemshwa tena. Wazee wa Mombasa humimina katika kisahani na kuvuta kwa sauti, desturi ambayo vijana wetu huionea haya, wasijue kwamba babu za Waingereza wa mitaa hii hii nao walikunywa kwa kisahani.

Mgogoro mkubwa ukumbini ni sukari. Sisi tuliokuwa wanafunzi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980 twakumbuka foleni za maduka ya kaya, na chai iliyonywewa kwa tende, kwa sukari guru, au kwa kumtazama mwenzio usoni. Tulipoipata sukari tulilipiza kisasi, na wengine bado tunalipiza. Hapa haikosekani, na msiba ndio huo, kwa maana madaktari wa nchi hii wamekwisha kutuambia kwamba watu wenye asili ya Afrika na Bara Hindi hupatwa na kisukari kwa urahisi kuliko wengine. Rai yangu ni kwamba sukari isipikwe tena sufuriani kwenye shughuli zetu. Iwekwe mezani, kila mtu ajitilie na ajihukumu. Nimepingwa kwa hoja kwamba chai isiyopikwa na sukari haina ladha. Hoja hiyo naijua, nami pia naiona ina ukweli, lakini nimehudhuria mazishi mengi.

Ama kuhusu majani yenyewe, msishawishike kutumia fedha nyingi kwa kuagiza kutoka nyumbani. Miche ya kwanza ya chai nchini Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Katika miaka ya 1920 yalianza mashamba makubwa ya Kericho, kwenye ardhi ambako Wakipsigis na Watalai waliondolewa. Na tangu kuundwa KTDA mwaka 1964 wakulima wadogo nao wamekuwa nguzo ya zao hilo. Chai hiyo nyingi husagwa kwa mashine ziitwazo CTC, zenye kuponda, kuchana na kuviringa, zikitoa chembe ndogo zinazotoa rangi upesi. Ni chembe za namna hiyo zinazofaa vifuko. Kwa zaidi ya karne tatu, tangu 1679, chai ilinadiwa hapa London. Mnada huo ulifungwa tarehe 29 Juni 1998, nao wa Mombasa, uliohamia huko kutoka Nairobi mwaka 1969, ungali unaendelea, ukiuza chai ya Kenya na ya nchi kadhaa jirani. Ukichana kifuko cha bei nafuu katika duka lolote la Peckham, yamkini kabisa sehemu ya vumbi unaloliona imepita Mombasa. Jani ni lile lile. Tunachotofautiana ni sufuria.

Sufuria hiyo, wasomaji, majira ya baridi yaliyopita ilikaribia kumrudisha mtu hospitali. Bi Mkubwa mmoja wetu, mzaliwa wa pwani ya kaskazini ya Kenya, mwenye umri wa miaka themanini na kitu, aliruhusiwa kurudi kwenye fleti yake karibu na Queen's Road baada ya kuugua mapafu. Akapangiwa wahudumu wa kumjia mara nne kwa siku, kila ziara dakika chache zilizohesabiwa. Mhudumu aliingia, akamwosha, akamtengenezea chai ya kifuko, na kabla ya kuondoka akaandika katika daftari lililokaa juu ya friji. Siku moja mpwa wake alilifungua daftari hilo. Kwa siku tisa mfululizo liliandikwa, kwa miandiko mitatu tofauti, kwamba amepewa chai, amekataa. Muuguzi alikwisha kusema kwamba mwili wake unakauka maji na kwamba huenda itabidi arudishwe wodini.

Mpwa akamwuliza, "Mama Mkubwa, mbona hutaki chai?"

"Chai gani? Hawajaniletea chai. Wananiletea maji ya kuoshea vikombe."

Kumbe palikuwa na jambo la pili chini ya hilo. Kila mhudumu, kama alivyofunzwa, aliuliza kwanza: je, utapenda chai? Naye Bi Mkubwa, kama alivyolelewa, alijibu hapana, ahsante. Kwao mgeni na mwenyeji huchezeana mchezo huo tangu utotoni: unakaribishwa, unasema umeshakunywa, unaletewa, unakunywa. Mwenyeji wa kweli hamwulizi mtu kama ataka chai, humwekea. Mhudumu kwa upande wake aliheshimu uamuzi wa mgonjwa, na kwa kuuheshimu akaondoa kikombe. Sioni wa kulaumiwa. Pande zote mbili zilikuwa na adabu, na adabu mbili hizo zilikuwa zikimuua mtu kwa kiu. Jumamosi moja tu ndiyo iliyokuwa na alama ya kunywa: mama wa Kinigeria alileta Milo bila kuuliza, Bi Mkubwa akaimaliza yote akidhani ni uji.

Niliombwa niandike maelezo kwa Kiingereza yabandikwe jikoni. Nilijaribu kuandika upishi wangu wote, kisha nikaufuta, kwa kuwa mtu mwenye dakika chache hawezi kusimamia sufuria. Tukaafikiana kwamba mpwa apike alfajiri kabla ya kwenda kazini, atie katika chupa ya chai ya lita moja, ile ya maua kama tulizokuwa nazo nyumbani, na wahudumu wawe na kazi ya kumimina tu. Maelezo yakawa mistari mitatu. Usimwulize, mmiminie. Akisema hapana, weka kikombe karibu naye na uendelee na kazi. Ukiweza, jimiminie nusu kikombe nawe, kwa maana hajazoea kunywa peke yake.

Mstari wa tatu uliniletea taabu. Simu ilipigwa kutoka kwa wakala unaowaajiri wahudumu, nikaelezwa kwa upole kwamba wafanyakazi hawaruhusiwi kula wala kunywa vitu vya mteja. Nikauliza kama wanaruhusiwa kushika kikombe. Upande wa pili ukanyamaza kidogo, kisha ukasema kwamba hakuna kanuni juu ya kushika. Tangu hapo maelezo yanasema: shika kikombe.

Watu wa Peckham wangepaswa kuwa wa kwanza kuelewa jambo hili. Mwaka 1935, katika St Mary's Road, si mbali na fleti hiyo, madaktari George Scott Williamson na Innes Pearse walifungua jengo la zege na vioo la Pioneer Health Centre, ambako familia za mtaa zilijiunga kwa ada ndogo ya kila wiki. Hawakuwa wakitafuta maradhi bali afya, na waliamini kwamba huonekana pale watu wanapokaa pamoja. Kwa hiyo waliweka bwawa la kuogelea katikati ya jengo na mkahawa unaolitazama, na wanachama wakajihudumia wenyewe vinywaji vyao. Kituo kilifungwa mwaka 1950, kwa kuwa mpango wake haukulingana na huduma mpya ya afya ya taifa iliyoanza mwaka 1948. Jengo lingalipo, limegeuzwa makazi. Kila nipitapo hapo huwafikiria madaktari wale wakitazama watu wakinywa chai na kuandika katika madaftari yao, nami hulikumbuka daftari la juu ya friji.

Kwa wale watakaotaka kupika chai ya chupa kwa ajili ya mzee wao, nawapa utaratibu wa mpwa, ambao ni bora kuliko wangu. Tangawizi huchemshwa kwanza na maji peke yake, vizuri, dakika tano au zaidi. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa kabla haijaiva huyagandisha, na wengi wamelaumu maziwa ya Uingereza bure. Kisha iliki nne zilizopondwa na maganda yake, na majani vijiko viwili vya chai. Maziwa yawe ya kizibo cha buluu, yenye mafuta yake yote. Ya kijani huvumilika, ya kizibo chekundu tuwaachie wenyewe. Yachemke hadi yapande mara mbili, yachujwe, yaingie chupani yakiwa ya moto kabisa, na chupa iwe imesuuzwa kwanza kwa maji ya moto. Hukaa hadi alasiri. Mchaichai usitiwe katika chai ya chupa, maana baada ya saa tatu hunuka kama majani yaliyofyekwa.

Juma lililopita nilipita kwake. "Shikamoo, Bi Mkubwa." "Marahaba, mwanangu. Keti." Hakuniuliza kama nataka chai, alimwonyesha mhudumu chupa kwa kidevu, na mama yule wa Kinigeria akatumiminia sote, akashika chake mkononi kama kanuni inavyomruhusu. Ilikuwa saa tano tu na chupa ilikuwa imefika chini ya nusu. Bi Mkubwa akaonja, akatua kikombe, akasema mpwa wake siku hizi ana mkono mzito wa iliki, na kwamba kwa mtindo huu atamaliza mshahara wake wote Rye Lane.

Mwenye kujua duka liuzalo mchaichai wenye majani yake wakati wa baridi, tafadhali amwachie habari mhariri, zichapishwe katika toleo lijalo.